Rahabu wa Mlola na Mnyororo Ulioungwa kwa Msumari

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, mlioko shambani, na ninyi mnaojikunyata na ukungu huu wa leo, karibuni. Mimi ni Maryam. Leo namkumbuka Rahabu Shemweta, fundi wa minyororo ya chenso, ile misumeno ya injini ya kukatia miti, pale Mlola. Alifariki Jumatano iliyopita kwa nimonia, akiwa na miaka hamsini na minane. Jumamosi tulimzika.

Kabla sijafika mbali niseme jambo. Asubuhi mkuu wangu wa kituo ameniita ofisini. Akaniambia, "Maryam, kuna mtu kwenye habari hii, jina lake usilitaje." Nikasema sawa, bosi. Silitaji. Nitamwita Yule Bwana. Watu wa Mlola mnamjua, yeye mwenyewe anajijua, na kama redio yake ina betri, avute kigoda asikilize.

Haya.

Rahabu hakuanza maisha akiwa fundi. Alilima viazi na kabichi. Mwenye chenso alikuwa mume wake, Eliudi, mpasua mbao. Watu wakiwa na mkaratusi au msonobari wa kukata shambani kwao, walimwita Eliudi. Miaka tisa iliyopita Eliudi alinunua mnyororo wa chenso dukani kwa Yule Bwana. Siku ya pili, chenso ikiwa imeshika kasi, mnyororo ukakatika. Ukamrudia shingoni. Hospitali hakufika.

Narudia, maana hapa ndipo penyewe. Mnyororo ulitoka dukani. Ulikatika siku ya pili.

Yule Bwana akasema nini? Alikuja msibani, akapewa chai, akaishika mkononi, akasema Eliudi alikuwa mzembe. "Mimi nilimuuzia mnyororo mzima. Ameukata mwenyewe, ameuunga mwenyewe kwake." Na watu wakaamini! Loo, sisi watu! Eliudi akazikwa na uzembe juu ya jina lake, na aliyempa jina hilo akaongezewa sukari kwenye chai.

Rahabu alirudi peke yake mahali pale alipofia mumewe. Akachekecha unga wa mbao kwa mikono, kutwa nzima, mpaka akapata kipande cha mnyororo, pale ulipokatikia. Akakipeleka Lushoto mjini kwa fundi Abdulaziz, mtu wa Tanga, anayetengeneza minyororo ya chenso. Juzi nilimpigia simu fundi Abdulaziz. Anasema hivi:

"Dada Maryam, nilipokitazama nilishtuka. Mahali pa pini palikuwa na msumari. Msumari wa mbao! Umekatwa, ukagongwa kichwa. Halafu mnyororo wenyewe ni vipande viwili, kimoja kipya, kingine kimekwisha. Nikamwambia mama wa watu, aliyefanya hivi hana Mungu. Nikadhani atalia. Akanijibu, 'Nimeshalia. Nifundishe kuunga.'"

Serikali ya kijiji walikiona kipande hicho. Wakasema, sawa mama, msumari upo, lakini nani ameuweka? Yule Bwana akashikilia lile lile, kwamba Eliudi alijiungia mwenyewe. Basi Rahabu akabaki na kipande chake, na neno moja tu alilolitaka duniani. Alitaka yule mtu aseme, mbele za watu, kwamba Eliudi hakukosea.

Sasa wewe ambaye hujawahi kuiona kazi ile, nikueleze. Mnyororo wa chenso huja umeviringwa kwenye roli, mrefu, unakatwa kama kamba. Unahesabu meno ya chini, yale yanayopita ndani ya mfereji wa upanga wa chenso, lile bamba refu la chuma. Upanga wa mumewe ulitaka meno sabini na mawili. Likipungua moja, hauingii. Likizidi moja, unaning'inia. Unasaga kichwa cha pini, unaigonga mpaka itoke. Unakutanisha ncha mbili kwa kiungo kipya chenye pini zake za chuma kigumu, kisha unavigonga vichwa vyake, taratibu. Ukigonga kidogo, vitaachia. Ukigonga sana, kiungo kinakaza, hakipindi. Rahabu alikipima kwa kidole gumba. Kipinde, lakini kisicheze.

Miezi mitatu alijifunza. Wanaume wa mjini walimcheka, mwanamke na nyundo! Aliporudi Mlola akafungua kibanda. Unajua wapi? Sokoni, mkabala na duka la Yule Bwana. Uso kwa uso.

Binti yake, Jesca, anasema mama hakuwahi kukata mnyororo mteja akiwa hayupo. "Alimwambia mteja, hesabu mwenyewe. Kama hujui kuhesabu, tuhesabu wote. Kiungo akishagonga, anampa mteja akipinde kwa kidole chake." Na mtu akitoka duka la ng'ambo, la Yule Bwana, na mnyororo, Rahabu alimwita kwa heshima zote. "Kaka, habari za asubuhi. Hebu lete nikuangalizie." Akikuta kipande kizee kimeungwa na kipya, anaunyanyua juu, soko zima lione. Hatukani. Hasemi kitu. Ananyanyua tu.

Wateja wakavuka barabara mmoja mmoja. Miaka sita aliifanya kazi hiyo, jua na mvua. Yule Bwana alipoteremsha kibao cha duka lake na kulifunga, Rahabu aliwanunulia wapasua mbao wote soda. Na mimi nilikunywa, sifichi! Tamu ile soda hata leo naikumbuka.

Mwaka juzi Yule Bwana alikuja nyumbani kwa Rahabu na wazee wawili na mbuzi. Eti wasuluhishwe, yaishe. Jesca alikuwepo. Mama yake aliwakaribisha, akawaamkia wazee shikamoo, akawapa viti. Kisha akasema, "Mbuzi tutamla leo, kesho tutamwacha chooni. Mimi nataka maneno. Sema Eliudi hakukosea." Yule Bwana akainuka. Akaondoka na mbuzi wake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikwenda miaka tisa, na Rahabu akaugua kifua kabla haijafika mwisho. Kitandani akamwachia Jesca agizo moja. "Atakuja kunizika, ataogopa watu watasema nini wasipomwona. Msimfukuze. Lakini akitaka kunitupia udongo, aseme kwanza."

Na akaja, wasikilizaji wapendwa. Jumamosi, mimi nipo pale, viatu vimejaa tope. Mchungaji amemaliza, ndugu wamekwisha kutupa udongo, majirani wamepanga mstari. Yule Bwana akainama, akachota udongo. Jesca akasimama mbele yake.

"Mama aliacha neno. Useme kwanza."

"Nimekuja kuzika, binti. Sikuja kusema."

Mchungaji akasema, "Jesca mwanangu, tuendelee." Jesca akamjibu, "Naomba unisamehe, mchungaji. Hatuendelei."

Tukasimama. Watu zaidi ya mia mbili. Yule Bwana akatazama huku, akatazama kule, hakuona wa kumtetea. Akanong'ona kitu.

"Kwa sauti," Jesca akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Basi akasema. "Mnyororo niliuunga mimi. Kwa msumari. Eliudi hakukosea."

Akapanua kiganja atupe udongo wake. Jesca akamshika mkono.

"Asante. Sasa urudishe ulipoutoa. Mama alisema useme. Hakusema umzike."

Akaurudisha! Akapita katikati yetu mikono mitupu, na hakuna aliyemfuata. Mtasema ni ukali, msibani hapafanywi hivyo. Semeni. Mimi roho yangu ilitulia kama maji ya mtungini, na sioni haya kulisema hewani.

Wewe fundi unayenisikiliza, uliyeficha kosa lako nyuma ya jina la marehemu, jitafakari. Marehemu hasemi, lakini ana watu.

Jesca, pole sana, na pole kwa ukoo wote wa Shemweta. Mungu ampumzishe mama.

Na pole ya mwisho ni ya Bibi Elieshi, mama mzazi wa Eliudi. Ana miaka themanini na tisa, miguu haikumfikisha makaburini, na miaka yote hii ameitwa mama wa mzembe. Nimeambiwa redio iko karibu na kitanda chake, na kwamba masikio yake ni mazito. Jesca, mwongezee sauti.

Bibi, shikamoo. Amesema mwenyewe, mbele za watu, mimi nimesikia. Mwanao hakukosea. Narudia, bibi. Eliudi hakukosea.