Ghati Marwa, Aliyeupima Ulingo Mara Mbili

Jumapili tarehe 10 Oktoba 1999, saa kumi alasiri, nyuma ya nyumba yao Gaithersburg, Marekani, Ghati Marwa alipigilia msumari mahali alipokusudia pawe katikati ya bustani ya duara ya vitunguu saumu, akafunga kamba, akamwomba mumewe, Cosmas, ashike ncha ya pili, naye Cosmas akasema manyunyu yameanza, wangoje kesho. Ghati hakubisha, alisema msumari hauna miguu, utawangoja, wakaingia ndani kunywa chai. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida walilofanya pamoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 karibu na Sirari, wilayani Tarime, mtoto wa tatu wa Mzee Marwa na Mama Boke, na kazi yake ya kwanza, kama alivyopenda kusema, ilikuwa kumsaidia mama yake kusiriba uwanja wa kupuria ulezi, kwa udongo na samadi ya ng'ombe, ukishindiliwa na kulainishwa mpaka punje isipate ufa wa kujificha. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966 na sekondari mwaka 1970, huko Tabora, kisha akasomea ufundi wa ujenzi Dar es Salaam, na kuanzia Januari 1974 akafanya kazi katika maabara ya udongo ya Wizara ya Ujenzi.

Tarehe 16 Julai 1977 alifunga ndoa na Cosmas, wakajaliwa watoto wawili, Vumilia, aliyezaliwa mwaka 1979, na Fidelis, wa mwaka 1983, ambao wanasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Agosti 1988 alimfuata mumewe masomoni Marekani, na kwa kuwa cheti chake hakikutambuliwa, alitunza wazee kwa miaka mitatu huku akisoma jioni, hadi Juni 1991 alipoajiriwa katika maabara ya udongo ya Herndon.

Waombolezaji wengi waliopo hapa walimfahamu kwa sababu ya ulingo wa mieleka. Mapema mwaka 1998, baada ya ibada, Kipngetich wa Temple Hills, mwenyekiti wa klabu ya ridhaa ya mieleka ya sumo, kijana wa kilo mia moja na arobaini, alimwuliza kuhusu udongo usiopasuka, kwa sababu klabu ilikuwa imealika timu za majimbo manne na haikuwa na mahali pa kupigania. Ghati alimtania kwamba watu wa kwao wote hukimbia mbio, yeye peke yake ndiye amechagua kusimama, lakini aliondoka na vipimo vyote mfukoni.

Alichanganya udongo mwekundu wa hapa na mchanga, akaujaribu mara saba, akausimamia ushindiliwe tabaka kwa tabaka katika ukumbi wa kanisa, kisha akapigilia msumari katikati na kuchora kwa kamba duara la upana wa mita nne na sentimita hamsini na tano. Duara hilo huzungushiwa mafungu ishirini ya mabua ya mpunga yaliyojazwa udongo na kufukiwa nusu, na manne kati yake husogezwa nje kidogo, kwani zamani sumo ilichezwa mvuani na maji yalihitaji njia, jambo ambalo Ghati alilielewa kabla hajaelezwa, kwa kuwa uwanja wa mama yake nao ulikuwa na mlango wa maji. Nje ya mafungu hufagiwa mchanga laini, ili atakayekanyaga nje aache alama.

Alhamisi tarehe 14 Mei, siku mbili kabla ya mashindano, Ghati akiwa kazini, mumewe na wanaklabu walipanga mafungu yote, na kosa lilikuwa la mumewe, aliyeelekeza yakae ndani ya mstari badala ya nje. Ghati alifika saa kumi na moja, akapima, akapima tena, akasema yang'olewe yote. Walikuwa wamechoka, na udongo ukichimbuliwa upya ungeweza usikauke kufikia Jumamosi, yaani mashindano yavunjike na wageni warudi kwao.

Kipngetich alimsihi, "Mama, hiyo ni nusu unyayo tu, nani atauona?"

Ghati alijibu, "Atakayeshindwa."

Walianza kung'oa. Ijumaa hakwenda Herndon, alishinda magotini akishindilia kwa ubao, akielekeza feni za kanisa mahali penye unyevu, na Jumamosi saa tatu asubuhi ulingo ulikuwa mkavu, bila ufa hata mmoja.

Katika pambano la mwisho Kipngetich alisukumwa mpaka ukingoni, kisigino kikabana juu ya fungu, ukumbi mzima ukadhani ametoka, mwamuzi akainama kuutazama mchanga, nao ulikuwa kama ulivyofagiwa. Pambano likaendelea, akajipinda, na mpinzani wake ndiye aliyetua nje. Kabla ya kupokea kombe alishuka kwa Ghati, akamwambia mbele ya watu mia nne, "Mama, nimeuona, na sijashindwa," akamshika mkono akampandisha ulingoni, watu wakasimama kumpigia makofi, naye alitazama chini, akikagua mafungu. Ulingo huo ungalipo, na tangu siku ile haujarekebishwa kipimo.

Shinikizo la damu liligunduliwa mwaka 1996. Jioni ya Jumapili iliyotajwa alipata kiharusi mezani, akafikishwa hospitali, na Jumatatu tarehe 11 Oktoba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akafariki, mumewe na watoto wakiwa kando yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa Herndon, na klabu, iliyoleta leo konzi ya udongo wa ulingo iwekwe pamoja naye.

Siku iliyofuata kifo chake, Jumanne asubuhi, mumewe alitoka nyuma ya nyumba, akaukuta msumari mahali pake, akainyoosha kamba na kuchora duara peke yake, akapanga matofali nje ya mstari, akapima, akapima tena, akapanda vitunguu. Limetimia, Ghati. Pumzika kwa amani.