Onema na Siku ya Bac Mpya

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema kwenu wote wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na ninyi mnaotupata mpaka Kampene. Leo tunamkumbuka Onema Masudi. Onema Masudi alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Alunguli. Wengi wenu mlimjua kwa jina lingine. Mlimwita Mchezaji. Leo nitawaeleza jina hilo lilitoka wapi. Si habari tamu.

Onema alikuwa mvushaji. Tangu ujana wake alivusha watu kwa mtumbwi, kutoka Alunguli mpaka upande wa Kasuku, kwenye gare ya treni, soko na hospitali. Alivusha walimu, wauza samaki na mabeseni yao, wagonjwa. Mtumbwi aliuchonga mwenyewe, kwa miezi minne. Binti yake, mama Claire, anakumbuka: "Baba alikuwa anaosha mutumbwi kila asubui, kabla ya kunawa uso wake."

Mwaka 1977 tukapata bac mpya, kivuko cha kuvusha magari na watu. Bac ya chuma, yenye injini mbili, ya kubeba malori manne. Tuliihitaji, tusidanganyane. Ile ya zamani ilikuwa imelala kwenye mchanga karibu mwaka mzima. Onema naye alifurahi. Alisema malori yatapanda bac, na watu wenye haraka watapanda kwake.

Siku mbili kabla ya sherehe ya kuizindua, mkubwa mmoja wa mji akashuka gatini na askari. Alisema wageni wanatoka Kinshasa, na wapiga picha pamoja nao. Mitumbwi hii, alisema, inatia mji aibu. Askari wakashika mashoka. Mitumbwi yote, pande zote mbili za mto, ikapasuliwa. Yote. Ilipofika zamu ya wake, Onema aliomba auondoe, aupeleke mbali.

"Citoyen, wewe mwananchi, unakataa maendeleo?" mkubwa akamuuliza.

Askari wakampa Onema shoka. Akaupasua yeye mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Jumamosi asubuhi bac ilivuka mara moja tu, ikachukua wachezaji ngoma wa chama tawala wa Alunguli. Kisha ikafungwa upande wa Kasuku, na bendera zake, ingoje kupigwa picha. Upande wa Alunguli hakikubaki chombo hata kimoja.

Saa sita mchana Albertine, mke wa Onema, akashikwa na uchungu. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Damu ilitoka, haikukatika. Mkunga wa mtaa akasema: "Huyu mimi sitamuweza. Apelekwe kwa daktari." Wakambeba mpaka gatini juu ya mlango. Claire alikuwa na miaka kumi. Alikaa kwenye mchanga, kichwa cha mama kwenye mapaja yake.

"Nitaleta bac," Onema alimwambia mke wake. "Usilale, Albertine. Unanisikia? Usilale."

Akavua shati, akaingia mtoni.

Mto Lualaba ulimsukuma mbali, kufuata mkondo. Alitoka upande wa Kasuku, akarudi mbio kando ya maji, miguu mitupu. Nahodha wa bac alikuwa Anaclet, rafiki yake wa siku nyingi. Anaclet akamwambia: "Kaka, injini iko tayari. Lakini mukubwa asiposema, ule askari atanipiga risasi." Wakaenda wote wawili. Mkubwa alikuwa kivulini na wageni, bia mkononi.

"Mukubwa," Onema akasema, "bibi yangu anakufa ngambo ile. Naomba bac."

Mkubwa akamtazama alivyolowa, akacheka. Akawaambia wageni kwamba huyu ni mvushaji wetu wa zamani, ameogelea ili kuisalimia bac. Kisha akamgeukia. "Cheza kwanza. Ukicheza vizuri, utapata bac yako."

Onema akacheza. Ngoma zikapigwa, spika zikafunguliwa, watu wakamshangilia. Hawakujua. Aliposimama, mkubwa akasema: "Bado. Hawajapiga picha." Akacheza tena. Mara ya tatu miguu ikamwishia nguvu, akacheza kwa magoti. Anaclet aliniambia: "Alikuwa anacheza, macho yake iko ngambo. Hakuyaondosha kule hata kidogo."

Bac ilivuka saa kumi. Albertine alikuwa amekwisha kufa, na mtoto tumboni mwake.

Wasikilizaji wapendwa, ukatili haukuishia hapo. Picha ilitundikwa kwenye ofisi ya gati. Onema, mikono juu, meno nje. Watu waliitazama, wakasema: bibi anakufa, yeye anacheza. Ndipo lilipotoka jina la Mchezaji. Claire pia aliiona. "Nilisema mimi sina baba," anatuambia. Akaenda Kampene kwa mama yake mdogo. Kwa miaka kumi na nne hakurudi, wala hakuleta salamu. Onema, ambaye hakuwa tena na mtumbwi, akapata kazi ya kufunga kamba za bac ile ile. Kueleza ukweli wakati ule kulikuwa ni kumtaja mkubwa, na hakuna aliyethubutu. Siku moja nilimuuliza mbona hajitetei. Akanijibu: "Nitasema nini? Kucheza, nilicheza."

Mwaka 1991 Anaclet alisafiri mpaka Kampene, akamweleza Claire yote. Claire akarudi, akapiga magoti mbele ya baba yake. Onema alimuuliza jambo moja tu.

"Mama yako alisema nini?"

"Hakusema kitu, baba. Alilala tu."

Juzi, baada ya mazishi, mama Claire aliniruhusu niseme ukweli. "Mama alikuwa anasikia sherehe ya ngambo. Akaniuliza: Claire, ni nani wanamupigia makofi vile? Nikamuambia sijui. Ndiyo neno lake la mwisho. Ningemuambia baba ile namna gani?"

Na mimi nina langu. Siku ile aliyeshika kipaza sauti ni mimi. Nilikuwa kijana, mtangazaji mpya, ninatafuta kupendwa. Nilimwona mtu amelowa, anacheza, analia. Nilisema kwenye spika: "Wananchi, makofi zaidi!" Juzi nilimwambia mama Claire, pale kaburini. Alinitazama, akafunga kitenge chake, akaondoka.

Tunampa pole mama Claire na watoto wake. Tunampa pole mzee Anaclet, na wafanyakazi wote wa bac. Onema Masudi apumzike karibu na Albertine.

Na wewe unayenisikia, usifikirie mkubwa yule. Yeye ni rahisi kumlaani. Usiku huu jiulize ni lini ulimwona mtu anateswa mbele yako, ukapiga makofi kwa sababu wengine walipiga. Mimi nimekwisha kujijibu.