Sereima Nakautoga, Aliyetunza Maneno ya Programu ya Tufani

Sereima tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1979 kisiwani Kadavu, mtoto wa tatu wa Bi Ateca na marehemu Mzee Peni, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akavuka bahari kwenda mji mkuu, Suva, alikomaliza sekondari mwaka 1997.

Tarehe 18 Desemba 2004 aliolewa na Bwana Mitieli, wakajaliwa Laisani na Apakuki, na Julai 2011 aliajiriwa na kampuni ya programu za simu, akakabidhiwa kila kisichokuwa msimbo wa kompyuta, yaani picha, rangi, sauti na maneno anayoyasoma mtumiaji, kila lugha katika folda yake, kazi ambayo wahandisi waliiita kufagia, wao ambao, kwa elimu yao yote, hawakukumbuka jana waliweka wapi picha.

Januari 2022, mhandisi mkuu, Bwana Emosi, kwa haraka zake, aliandika amri ya kuhama nyumba, ya programu inayoonya watu kuhusu tufani, kwa Kiingereza ndani ya msimbo wenyewe, ambako mfasiri hafiki, na Sereima alipolalamika akajibiwa mbele ya ofisi nzima, "Dada Sera, sentensi moja tu, itamuua nani? Kafagie folda zako," wakacheka, naye akasema, "Mama yangu, kaka, na wako pia, kama bado unamkumbuka."

Mwezi uliofuata tufani ilipiga Kadavu, simu ya Bi Ateca ikamweleza upepo na mvua kwa Kifiji safi, isipokuwa mstari mmoja wa Kiingereza asiouelewa, ule wa kuhama, akabaki ndani hadi jirani yake, Bwana Savenaca, alipombeba mgongoni huku paa likiondoka.

Figo zilimlaza Sereima Agosti 2023, na kitandani alizichomoa sentensi mia mbili na kumi na sita zilizofukiwa ndani ya msimbo, akaziweka kwenye folda, akazifasiri zote, akaituma kazi ofisini tarehe 30 Mei 2024, akafariki tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wa Nabua walioleta mikeka na magimbi ya dalo, na wenzake wa kazini, ambao hatuwahukumu, maana huenda hawajawahi kuishi na mtu asiyesoma Kiingereza, ingawa kazi yake imekaa wiki mbili ikisubiri mkubwa wao abonyeze kuikubali.

Bwana Emosi yupo safu ya tatu, simu mkononi, na familia inamwomba abonyeze sasa, kabla jeneza halijanyanyuliwa, nasi tutangoja.

Lala salama, Sereima.