Bi Rula Aweka Rula Chini

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha prufu, kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kitabu kuchapwa, mwenzetu tunayemwita Bi Rula anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Juni. Katika muda huo amesoma vitabu mia sita na kumi na viwili, na kwa ushahidi wake mwenyewe, ukiondoa kimoja cha karibuni, hajui hata kimoja kilihusu nini.

Hilo linahitaji maelezo. Bi Rula husoma prufu kuanzia mstari wa mwisho wa ukurasa kwenda wa kwanza, rula ya chuma ikifunika mistari mingine. Alifundishwa hivyo na msomaji aliyemtangulia: ukisoma kwa mpangilio hadithi itakuteka, na ukishatekwa huoni kosa. Kurasa ishirini kwa siku, basi. Sisi wa kupanga kurasa tulipomharakisha alitujibu kwamba mwenda pole hajikwai, kisha akaenda polepole zaidi ili kutukomoa. Mkurugenzi aliwahi kumpa kadi ya mwaliko wa harusi ya bintiye, akarudishiwa ikiwa na masahihisho tisa. Kadi zikachapwa upya.

Hakuna kitabu alichopitisha kikarudi na kosa la maana. Hakuna pia aliyewahi kumwona akicheka anaposoma.

Mambo yalibadilika mwaka jana, dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu anayeishi naye, alipopofuka. Mwalimu alikuwa mtu wa kumaliza riwaya moja kila wiki. Daktari akaongeza kwamba moyo nao umechoka, na hakutaja miaka iliyobaki. Mwalimu aliomba jambo moja tu, asomewe. Bi Rula akachukua kitabu, akachukua na rula, akaanza. Kwa mwezi mzima wakafika ukurasa wa thelathini, maana kila alipokuta alama iliyokaa vibaya alisimama kuilalamikia. Mwalimu akamwambia, “Mdogo wangu, kwa mwendo huu nitazikwa sijajua nani kamuoa nani.”

Tunayajua maneno hayo kwa sababu Bi Rula alikuja nayo kazini asubuhi, akayarudia mbele yetu, akaketi akalia. Hatukuwahi kumwona akilia. Tulimchemshia chai kwa kuwa hatukujua la kufanya lingine.

Siku hiyo rula ilibaki ofisini. Jioni alisoma kurasa kumi na tano. Wiki iliyofuata, arobaini kwa mkao mmoja. Kisha akatuarifu, kwa sauti ile ile ya kuripoti kurasa zilizokosa namba, kwamba amemaliza kitabu kizima kwa siku nne na kwamba ni kitamu mno. Akauliza kama sisi tulikuwa tukijua kuwa vitabu viko hivyo. Tulikuwa tukijua. Alikasirika kidogo kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia.

Mwezi Machi alifanya jambo ambalo kanuni zetu zinalikataza: alichukua prufu ya riwaya akaenda nayo nyumbani. Akamsomea dada yake kutoka mwanzo, mbio mbio, jioni mbili tu. Walifika mwisho wakiwa wameridhika, ila Mwalimu akasema kuna mahali wameruka. Bi Rula akaapa kwamba tangu aanze kazi hajaruka hata nukta. Asubuhi akakagua. Sura ya tisa haikuwepo kabisa, tuliiacha nje sisi wa kupanga kurasa. Msomaji wetu hodari kuliko wote alikuwa amepita juu ya kurasa kumi na nane zisizokuwepo kwa sababu alitaka kujua kitakachofuata, na aliyeligundua kosa ni mtu asiyeona.

Kitabu kiliokolewa kabla ya kuchapwa. Bi Rula alijiandikia mwenyewe barua ya onyo, na mkurugenzi akaitia sahihi kwa kuwa haikuwa na kosa lolote. Barua ya pili ilikuwa ya kuomba kustaafu mwaka mmoja kabla ya wakati. Tulimsihi abaki. Alisema hafai tena kwa kazi hii, kwa kuwa sasa anapenda vitabu.

Tunamshukuru kwa makosa yetu yote ambayo umma haukuyajua. Kumpata mwingine kama yeye ni kazi, na tunasikitika kweli kweli kuagana naye, hata wale aliowarudishia barua zao za likizo zikiwa zimejaa wino mwekundu.

Mwalimu ameshatoa orodha ya vitabu arobaini, vinene vikitangulia. Anadai kwamba mtu mwenye adabu hafi katikati ya hadithi. Bi Rula anapotusimulia hilo hacheki. Siku hizi humaliza kitabu kwa siku tatu, na ana utaratibu mpya: akikaribia ukurasa wa mwisho husimama kwanza, akafungua kitabu kinachofuata na kumsomea dada yake sura ya kwanza, ndipo akarudi kukimaliza kile cha awali.

Bi Rula, tunawatakia maisha mema wewe na Mwalimu. Usikawie kufungua kinachofuata.