Mama Tope na Koti la Kaka Yake

Shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Tope, alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, kitinda mimba katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Kaka yake wa pekee, ndiye baba yetu, alimbeba mgongoni mpaka alipokataa mwenyewe.

Alisoma shule ya mtaani, kisha ya bweni, na mwaka 1977 akapata shahada ya elimu ya miamba. Jirani akauliza, "Miaka yote hiyo kusomea mawe?" Mama yao akajibu, "Afadhali mawe. Hayasengenyi mtu."

Kazi yake ilikuwa tope lililochimbuliwa chini ya bahari na kutunzwa katika chumba baridi kama friji. Kaka yake, fundi cherehani, akamshonea koti zito. Ndani ya tope hilo Shangazi alichambua makombe ya viumbe wa baharini, madogo kuliko punje ya chumvi, akasoma humo jinsi dunia ilivyopoa polepole kwa mamilioni ya miaka, mpaka ncha ya kusini, palipokuwa na misitu, ikafunikwa na barafu yenye unene wa mlima. Wanafunzi wake walidhani barafu hiyo ililetwa na majira ya baridi kali.

"Wala," aliwaambia. "Ni majira ya joto yaliyoshindwa kumaliza theluji ya mwaka jana. Inabaki kidogo. Mwakani kidogo tena."

Aliolewa mwaka 1984 na mpiga chapa, mtu mpole aliyezoea kukuta tope kwenye sinki.

Mwaka 1996 mama yao alifariki Shangazi akiwa melini, kazini. Alifika kaburi limeshafukiwa. Kaka yake akamwambia mbele za watu, "Ulichagua tope." Hawakugombana tena, ila sikukuu moja Shangazi hakwenda kwa kaka yake, simu moja haikupokelewa, mwaka ukaisha na mwingine ukaja. Iliwauma wote wawili, na wote wawili walikuwa wabishi. Lakini koti lile Shangazi hakuliacha.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Siku za mwisho, wodini, alilalamika baridi, mumewe akamfunika koti lile. Kaka yake alipofika, Shangazi alikuwa hasemi tena. Akashika kiwiko cha koti.

"Nani kashona kiraka hiki?"

"Mwenyewe," mume akasema.

"Kakishona ovyo. Nitafutieni sindano."

Akaketi, akakifumua, akaanza upya. "Na mimi nimechelewa, mdogo wangu," alisema, mkono ukiendelea kushona. Shangazi alikata roho tarehe 2 Juni 2023, kiraka hakijaisha.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na kaka. Kiraka kimekamilika, na koti amelivaa. Vifungo kafungiwa na kaka yake, kama zamani akienda shule.

Lala kwa amani, Shangazi. Usisikie baridi tena.