Dirisha la Shon Rufina

Ofisi ya Mpango wa Ufukwe imetangaza rasmi kwamba mtaa wetu una sehemu kumi na saba zinazofaa kulia chakula, na kwamba dirisha la marehemu si mojawapo. Familia imelipokea tangazo hilo kwa heshima zote, na inaomba kuwaeleza maisha ya mwenye dirisha.

Rufina Martina, tuliyemwita Shon, yaani Bibi, Rufina, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Barber, kisiwani Curaçao, mtoto wa tano wa Bwana na Bibi Isenia.

Alisoma kwa masista hadi darasa la sita. Huko alifundishwa kwa Kiholanzi majina ya matunda ambayo hakuwahi kuyaona, akachapwa kwa kuyataja kwa Kipapiamentu, lugha ya kwao, yale aliyokuwa akiyala. Alitoka na mwandiko mzuri, na tangu hapo hakuamini sana orodha za watu wengine.

Mwaka 1968 alikuja mjini Willemstad kupika nyumbani kwa tajiri mmoja. Wensly Martina, mpakua mizigo bandarini, alikuwa akipeleka samaki huko.

"Supu yako imezidi chumvi," alimwambia siku ya kwanza.

"Basi usile."

Walifunga ndoa tarehe 20 Julai 1974, naye Wensly akaila supu hiyo hadi alipofariki mwaka 2009.

Tarehe 3 Mei 1979 Shon Rufina alifungua dirisha la jiko lake linalotazama bahari, akauza mchuzi wa mbuzi, supu ya bamia na funchi, ugali wetu. Kiti hakikuwepo. Watu walikula wima, wameegemea ukuta. Mikahawa mipya ilipofika mtaani, wapishi wake ndio waliotangulia kupanga foleni kwake, aproni wamezigeuza ili majina yasionekane.

Oktoba 2021 alikuja Bwana Elvin, mkaguzi wa Ofisi ya Mpango, mzaliwa wa mtaa huuhuu.

"Shangazi, hapa hapana choo cha wateja."

"Elvin, mwanangu, umekula hapa tangu hujaota ndevu. Uliwahi kukitafuta?"

"Leo nimekuja kikazi."

"Haya. Na supu utakunywa kikazi, au kinyumbani?"

Aliinywa kinyumbani, akanawa mikono, kisha akaligongomelea dirisha mbao mbili.

Baada ya hapo miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Madaktari walisema ni figo. Kila aliporudi kutoka kusafishwa damu aliomba aketishwe jikoni, gizani, ameelekea mbao zile. Wiki ya mwisho alimwita binti yake.

"Mirelva, siku ya nane baada ya kunizika, mtanifungulia wapi roho yangu ipite?"

"Mlango upo, Mama."

"Mlangoni wanapita maofisa. Mimi nitapita dirishani."

Mirelva alikwenda ofisini kuomba ruhusa. Alijibiwa kwamba dirisha litabaki lilivyo. Hakuweza kumwambia mama yake, ambaye hakutoka tena kitandani. Shon Rufina alifariki alfajiri ya tarehe 9 Machi 2023, akiamini limeshafunguliwa.

Ameacha watoto wawili, Mirelva na Hensley, wajukuu wanne, na dada yake Ubalda. Mungu amlaze mahali penye upepo.

Sala za siku ya nane zitafanyika jikoni kwake, na chakula kitakuwepo. Bwana Elvin ataleta koleo la kung'olea misumari. Jioni hiyo sehemu zote kumi na saba hazitafunguliwa, kwa kuwa wapishi wa huko watakuwa dirishani.