Bi Kuliko Aaga Meza ya Prufu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, msoma prufu wetu, mkaguzi wa maandishi kabla hayajachapwa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kampuni hii ya matangazo. Wengi mnamjua kwa jina la Bi Kuliko. Jina hilo alilipata kihalali.

Alianza kama mpiga chapa, enzi ofisi ina feni mbili, moja mbovu. Alipohamishiwa meza ya prufu ikabainika kwamba haamini tangazo lolote. Sisi wabunifu tulivunja sarufi makusudi, maana kauli iliyopinda hunasa sikio. Tukiandika "Sabuni anakupenda", yeye huizungushia duara jekundu na kuuliza tangu lini sabuni ikawa mtu. "Mkiipa sabuni roho, mnaficha nini?" Tulimwona mnoko. Mimi mwenyewe nilinong'ona kwamba anatuchongea kwa bosi.

Adui yake mkubwa alikuwa neno "zaidi" linaloachwa peke yake. Miaka kumi na miwili iliyopita likaja tangazo la jiko la gesi: "Jiko jipya. Salama zaidi." Akagoma kutia saini.

"Salama zaidi kuliko nini?"

Meneja akamjibu kwamba hiyo ni lugha ya biashara tu. Kama hataki, aandike barua ya kuacha kazi. Bi Kuliko alikuwa mjane, ana watoto wawili shuleni. Hata hivyo, saini hakutia.

Ikabidi mwenye majiko aitwe. Akaulizwa swali lile lile. Akacheka, akafuta miwani, mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Kuliko lile letu la zamani."

La zamani lilikuwa likivujisha gesi, na bado lilikuwa madukani. Meneja wetu akainuka, akapiga simu nyumbani mbele yetu sote: "Mama watoto, usiwashe jiko. Fungua madirisha, toka nje na mtoto."

Tangazo halikutoka, na majiko ya zamani yakarudishwa kiwandani. Habari ya barua haikutajwa tena. Nami nilikwenda mezani kwake kuomba radhi. Akanitazama kwa shaka, kisha akanisogezea kiti.

Dada yetu, asante kwa kutotuamini. Kuanzia Jumatatu itabidi tujishuku wenyewe, na tunaogopa kidogo. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu, na wajukuu wa kukuchosha kwa raha.